Karanga, ndimu na jua la mwaloni: ni nini hasa kinachoamsha malengelenge ya mdomo?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 33, ninanunua na kuanika dagaa mwalo wa Igombe, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, hapa Mwanza. Tangu nikiwa msichana natokwa na malengelenge kwenye mdomo wa chini, upande wa kushoto, na siku hizi yananijia karibu kila baada ya miezi miwili, hasa wakati wa giza. Jirani yangu amenipa orodha ya vitu vya kuacha: karanga, ufuta, korosho, chokoleti, machungwa, nyanya, pilipili, kahawa, soda na bia. Amenishauri pia nipake ndimu na chumvi ili yakauke upesi. Kwetu karanga ndiyo inayounga mboga zote, na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, bila karanga watoto hawaigusi. Niache nini? Halafu mdogo wangu amejifungua wiki mbili zilizopita na tunaishi naye. Mtoto yuko salama?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu hilo halingoji.

Malengelenge yanayorudi palepale kwa miaka, kama unavyoyaeleza, karibu siku zote ni kazi ya virusi vya herpesi simpleksi aina ya kwanza. Kwako wewe ni maumivu na aibu ya siku chache. Kwa mtoto wa wiki mbili, virusi hivyohivyo vinaweza kushika macho, ini na ubongo, na vinaweza kuua. Kwa hiyo katika wiki hizi za mwanzo usimbusu, hata siku ambazo mdomo wako ni mzima, kwa sababu mara nyingine virusi hutoka kwenye mate bila kidonda chochote kuonekana. Kidonda kikiwapo, vaa barakoa ukiwa karibu naye, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumbeba, na kazi ya kumwogesha waachie wengine. Najua ilivyo vigumu kumwambia shangazi aliyesafiri kutoka Ukerewe kuja kumwona mtoto kwamba asimbusu. Mwambieni. Mtoto akipata homa, akikataa titi, akilala kupita kawaida yake au akitoka lengelenge popote mwilini, msisubiri kuche: mpelekeni kituo cha afya saa hiyohiyo, na mkipewa rufaa ya hospitali ya Sekou Toure au Bugando msichelewe njiani. Mdogo wako aendelee kunyonyesha. Kidonda cha aina hii kikitokea kwenye titi lenyewe, asimnyonyeshe upande huo mpaka pamepona, na aende akaonwe na daktari.

Sasa turudi kwenye orodha ya jirani.

Virusi hivi wengi wetu tunavyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50, yaani 64 katika kila 100, wamekwisha kuambukizwa, wengi wao tangu walipokuwa watoto, kwa busu la mzazi au bibi aliyekuwa na kidonda. Vikishaingia mwilini havitoki tena. Hupanda kwenye mshipa wa fahamu wa uso na kukaa kimya kwenye kifundo chake karibu na sikio, ndani ya fuvu. Kitu kikiviamsha, hushuka kwa mshipa uleule hadi palepale pa siku zote, ndiyo maana kwako ni mdomo wa chini, kushoto, miaka nenda miaka rudi. Swali la kujiuliza basi ni hili: je, sahani ya mboga ya karanga inaweza kuviamsha?

Wanaosema ndiyo hawakulitoa jambo hili hewani. Mwaka 1964 ilionyeshwa maabara kwamba virusi hivi, vikikuzwa ndani ya seli kwenye chombo, haviwezi kuzaliana vizuri bila arginini, ambayo ni mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini. Miaka ya 1970 madaktari kadhaa wakaja na wazo kwamba asidi amino nyingine, lisini, hushindana na arginini, hivyo mtu apunguze vyakula vyenye arginini nyingi na aongeze vyenye lisini. Hapo ndipo karanga, ufuta, korosho na chokoleti zilipoingia kwenye orodha, na kwa hesabu ya arginini peke yake zinastahili: gramu 100 za karanga zina takribani gramu 3 za arginini, na lisini haifiki gramu 1. Ufuta unafuata njia hiyohiyo.

Shida ni kwamba wewe si chombo cha maabara. Mwili wako hutengeneza arginini yake wenyewe, figo zikishika sehemu kubwa ya kazi hiyo, na kiasi kilichomo kwenye seli zako hakipandi na kushuka kwa kufuata ulichokula mchana. Isitoshe, arginini imo katika kila protini njema. Dagaa wako wakavu, wenye protini nyingi kiasi kile, gramu kwa gramu hawako mbali na karanga kwa arginini. Wanachozidi ni lisini. Ukitaka kuikimbia arginini kwelikweli itabidi uache karanga, dagaa, sangara, nyama na maharage, ubaki na ugali mtupu, na mtu aliyedhoofika kwa kula ugali mtupu ndiye virusi hivi vinayempata kwa urahisi zaidi. Vidonge vya lisini navyo vilijaribiwa mara nyingi. Matokeo yakapingana, na kwa dozi ndogo havikuonyesha faida. Mimi sikushauri utoe fedha ya dagaa kununua vidonge hivyo. Lisini ya kutosha unayo kwenye sato, maziwa, mayai na maharage.

Lakini umesema jambo moja ambalo jirani yako hakulitilia maanani: yanakujia hasa wakati wa giza.

Kwa msomaji asiyejua kazi za ziwani, dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kubwa taa haiwavuti, kwa hiyo mitumbwi hupumzika. Giza likirudi, kazi yote ya mwezi inabanwa kwenye wiki hizo. Tuiangalie wiki yako moja ya giza. Unaamka saa tisa usiku kupokea mitumbwi, au hulali kabisa. Unazuia usingizi kwa kahawa na soda. Unatafuna karanga za kukaanga kwa sababu ndizo zinazouzwa pale mwaloni na zinashibisha. Kukicha unamwaga dagaa mchangani, unawageuza, unashinda juani hadi jioni, siku nne, tano, sita mfululizo. Siku ya saba mdomo unawasha. Ukikumbuka ulikula nini, unakumbuka karanga. Karanga ilikuwapo kweli, lakini ilikuwapo pamoja na kukosa usingizi na jua la siku sita.

Na jua halihitaji kubahatishwa, limepimwa. Mwaka 1991 watafiti nchini Marekani waliwachukua watu 38 wenye historia ya malengelenge kama yako, wakawamulika midomo kwa miale ya urujuanimno, ile miale ya jua inayounguza ngozi. Walipomulikwa bila kinga, 27 walitokwa na malengelenge. Walipopakwa kwanza losheni ya kukinga jua, hakuna hata mmoja aliyetokwa. Hakuna chakula katika orodha uliyopewa chenye ushahidi wa namna hiyo. Halafu fikiria mahali tulipo: Mwanza iko digrii mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, na uso wa ziwa wenyewe uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Jua letu ni kali mwezi wowote wa mwaka, hata siku ya mawingu mepesi, na kwako linapiga pia kutoka chini, kwenye mchanga na maji, mahali ambapo ukingo wa kofia haukingi. Mdomo wa chini ndio unaolipokea zaidi kuliko wa juu. Wako ni wa chini.

Yapo mengine yanayoviamsha kwa hakika: homa ya aina yoyote, hedhi kwa baadhi ya wanawake, mawazo mazito, uchovu, na jeraha la mdomo, hata lile la kung'olewa jino. Kuhusu homa nina ombi moja. Ukanda wetu wa ziwa una malaria nyingi, na wapo wanaoona malengelenge mdomoni wakasema “homa imetoka, imekwisha”, wakarudi kazini. Haijaisha. Mwili ukichemka, kapime malaria, malengelenge yawepo yasiwepo.

Chakula nacho kina hatia zake, ila zinaingia kwa mlango mwingine kabisa. Chakula kinaweza kuujeruhi mdomo, na mdomo uliojeruhiwa huamsha virusi. Chai iliyotoka jikoni sasa hivi na kunywewa kwa haraka kabla mtumbwi haujaegesha. Mhindi wa kuchoma unaoumwa ungali na moto. Muwa unaomenywa kwa meno na maganda yake makali yakachana mdomo. Mwiba wa pezi la sato. Hivi ningekuomba uvichunge kuliko karanga. Muwa ukatwe vipande kwa kisu. Chai ipoe kidogo. Ni mambo madogo, lakini kwa mtu ambaye mdomo wake umekwisha kuchoshwa na jua, mchubuko mmoja unatosha.

Machungwa, nyanya na pilipili zimeingia kwenye orodha kwa kuchanganywa na ugonjwa mwingine. Kuna vidonda vya duara, vyeupe katikati, vyenye ukingo mwekundu, vinavyotokea ndani ya shavu, chini ya ulimi au ndani ya mdomo. Hivyo havitokani na herpesi wala haviambukizi, na kwa watu fulani vyakula vichachu au vikali huvichochea kweli. Anayeugua hivyo akiacha machungwa anaweza kupata nafuu, akaenda akamwambia mwenye malengelenge aache machungwa pia. Kwako, machungwa hayaamshi chochote. Yatakuuma tu ukila huku kidonda kikiwa wazi, na hiyo ni sababu tosha ya kuyaweka kando siku hizo chache, si mwaka mzima.

Embe nalo lina kesi yake, hata kama jirani alilisahau. Msimu wa maembe ukifika, kuanzia Novemba hivi, nawaona watu waliobabuka midomo na kidevu wakidhani ni malengelenge. Utomvu wa ganda la embe hubabua ngozi ya baadhi ya watu, na huchukua siku moja au mbili kujitokeza, hivyo mtu hakumbuki embe alilolimenya kwa meno juzi. Ukiona vipele vinawasha sana kuzunguka mdomo mzima, pande zote mbili, mtuhumu utomvu. Menya kwa kisu, osha tunda na mdomo, endelea kula embe lako.

Vinywaji nitavipita haraka. Kahawa yenyewe haina kosa, isipokuwa inakunyima usingizi ulioukosa tayari, au inaposhuka ya moto mno. Soda ni sukari na uchachu. Ipunguze kwa ajili ya meno yako. Bia na gongo zinakausha mwili, zinavuruga usingizi, tena mara nyingi kikombe au mrija mmoja unazunguka kwa watu watano. Mwenye kidonda asichangie kikombe, mrija, kijiko wala mswaki, na mafuta ya kupaka midomo yasizunguke kama kitana. Maji, kunywa mengi. Wanawake wengi wa mwaloni hawanywi maji mchana kutwa kwa sababu choo kiko mbali au ni cha kulipia. Hilo linaniuma, na ningependa wenye mialo walitazame.

Ndimu na chumvi, hapana. Naomba uniamini katika hili kuliko yote niliyoandika. Maji ya ndimu yana kemikali ambayo ikipigwa na jua ikiwa juu ya ngozi huiunguza: ngozi hubabuka, hutoka malengelenge mapya, na baadaye hubaki na weusi wa wiki hata miezi. Mtu anayepaka ndimu asubuhi kisha akashinda juani kwenye uanikaji amejitengenezea jeraha la pili juu ya la kwanza. Chumvi inakausha kwa kuchoma, na kidonda kikikauka na kupasuka huchelewa kupona. Dawa ya meno, majivu na spiriti ziko fungu hilohilo. Usifungue kapsuli ya rangi mbili ukanyunyiza unga wake, kwa sababu antibayotiki haigusi virusi, na jihadhari na zile krimu za dukani zilizochanganywa dawa za kutuliza mwasho, zenye steroidi. Zinaondoa wekundu huku virusi vikipata nafasi ya kuenea.

Dawa inayojulikana kufanya kazi ni asaiklovia. Krimu ya asilimia 5 hupakwa mara tano kwa siku, siku nne hadi tano, na inasaidia ikianza mapema: ile saa unaposikia mdomo unawasha, unachonyota, unakaza, kabla lengelenge halijainuka. Ukingoja mpaka paive gamba, fedha yako imepotea. Kwa hiyo inunue sasa, mdomo ukiwa mzima, ikae kwenye mkoba unaokwenda nao mwaloni, mahali pasipopata jua. Hata bila dawa malengelenge haya hupona yenyewe ndani ya siku saba hadi kumi, mara chache wiki mbili. Yakizidi mara sita kwa mwaka, kama yako yanavyoelekea, muone daktari mzungumze kuhusu vidonge, kwa sababu vipo vya kumeza kila siku ili kuyazuia yasirudi. Mweleze kama una tatizo la figo.

Kinga ya jua ni mafuta ya midomo yenye SPF, yaani kipimo cha nguvu ya kukinga jua, ya 30 au zaidi. Uliza duka la dawa, si duka la vipodozi, na soma namba kwenye chupa. Paka kabla ya kwenda kuanika, rudia kila baada ya saa mbili na kila ukishakula au kunywa. Vaselini inalainisha, jua haizuii. Vaa pama lenye ukingo mpana, na ncha ya mtandio ipite juu ya mdomo, kwa sababu mwanga unaotoka mchangani ukingo wa pama hauuzuii. Ikiwezekana, mgawane zamu za kugeuza dagaa saa za kati ya saa nne na saa kumi. Na katika wiki ya giza lala mchana, hata saa mbili kivulini. Najua usingizi wa mchana mwaloni unaonekana uvivu. Kwako ni dawa.

Siku ambazo kidonda kiko wazi, kula vilaini na vilivyopoa: uji wa ulezi, mtindi, ndizi mbivu, papai, viazi lishe, mchuzi wa samaki usiotiwa ndimu wala pilipili. Nsansa, ile mboga ya majani yaliyokaushwa, ya karanga ipikwe kama kawaida, ni laini na inatia nguvu. Michembe iloweke kwanza isikukwaruze. Kwa karanga nina onyo moja tu, na halihusu mdomo: zilizoota ukungu, zilizosinyaa au zenye uchungu zitupe, usizichague wala kuzisaga, kwa sababu ya sumukuvu. Hiyo inaua ini polepole, na haitoki kwa kukaanga.

Yapo ya kukupeleka hospitali bila kungoja krimu ifanye kazi. Jicho likiwa jekundu, likiuma au likiogopa mwanga wakati una malengelenge, nenda siku hiyohiyo. Herpesi ya jicho inapofusha. Usipapase kidonda kisha ukafikicha macho. Kidonda kikipita mwezi bila kupona, au kikienea sana, upimwe VVU, ambako katika vituo vya serikali hakuna malipo. Sikutishi: mwenye malengelenge ya kawaida yanayopona kwa wiki moja hana sababu ya kujishuku kwa hilo pekee, na majirani wasikusome hivyo. Jambo la mwisho la kulisema wazi, kwa sababu watu huona haya kuliuliza: kidonda cha mdomo kinaweza kuhamia sehemu za siri za mwenzi kwa kujamiiana kwa mdomo. Subirini mpaka kipone kabisa.

Kama bado unaishuku karanga, tuipime. Kwenye daftari lako la hesabu za ndoo, ongeza safu chache: saa ulizolala, saa ulizoshinda juani, hedhi, homa, na kama siku hiyo ulikula karanga. Wiki za mbalamwezi, ukiwa nyumbani umelala vizuri, kula karanga kama mnavyokula siku zote. Wiki za giza, kula vilevile, lakini paka kinga ya jua na lala mchana. Fanya hivyo kwa giza tatu. Malengelenge yakitokea ndani ya mbalamwezi, ukiwa umepumzika na hujaenda juani, tena zaidi ya mara moja na kila mara baada ya karanga, niandikie, nitakuwa tayari kuiondoa kwenye chungu chako. Na krimu ile usiisahau: giza lijalo uwe nayo mkobani.